Mashariki ya Kati: Jina na Mahali Anaposimama Msemaji

Yerusalemu, Beirut na Cairo ziko magharibi ya Nairobi. Makka na Mombasa zimo karibu katika longitudo moja, na ndiyo sababu misikiti ya pwani yetu huelekeza kibla kaskazini. Hata hivyo, magazeti yetu, vitabu vyetu vya shule na hata tasnifu za wanafunzi wetu huyaita maeneo hayo Mashariki ya Kati, bila mwandishi kuhisi kwamba ametoa dai linalohitaji ushahidi. Swali tunalokusudia kulijadili laonekana kuwa la jiografia, lakini kwa hakika ni la maadili: je, mtu anayetaja mahali kwa upande wa dunia aliousimamia mwingine, amesema kweli?

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana huko ndiko jina lilikotoka. Neno “Middle East” lilipata nguvu mwaka 1902, pale Alfred Thayer Mahan, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alipolitumia katika jarida la National Review la London. Mahan hakuwa akizungumzia watu, wala lugha, wala dini. Shughuli yake ilikuwa Ghuba ya Uajemi na usalama wa njia ya Waingereza kwenda Bara Hindi. Valentine Chirol wa gazeti la The Times akalidaka na kulieneza, na mwaka 1903 likaingia katika anwani ya kitabu chake. Lakini kati ya nini na nini? Kati ya Mashariki ya Karibu, yaani milki ya Waturuki pamoja na nchi za Balkani, na Mashariki ya Mbali, yaani Uchina na Japani. Ukaribu na umbali huo ulipimwa kutoka London. Baadaye Mashariki ya Karibu ilififia katika lugha ya siasa, nayo ile ya Kati ikaimeza, hata Misri na Palestina, ambazo hazikuwa kiini cha hoja ya Mahan, zikawa ndio moyo wa jina. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mipaka ilipanuka tena kwa amri za kijeshi. Mwanzoni mwa mwaka 1941, majeshi yaliyotoka Kenya kwenda kupigana na Waitaliano katika Somalia na Uhabeshi yalikuwa chini ya Jenerali Wavell, kamanda wa Mashariki ya Kati, aliyekaa Cairo. Kwa hesabu hiyo Nanyuki nayo ilikuwa na sehemu yake katika Mashariki ya Kati, ingawa sidhani kama kuna mkazi wa huko aliyearifiwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba jina ni jina tu. Hakuna anayesikia “Mashariki ya Kati” akatoa dira. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kwamba majina ya pande hayafanani. Tusemapo “Afrika Mashariki”, upande huo ni wa mwili uliotajwa: Afrika ina mashariki yake, na itakuwa nayo hata msemaji akiwa Accra au Tokyo. “Asia ya Magharibi”, istilahi ya Umoja wa Mataifa ambayo Wahindi pia wanaipendelea, iko katika kundi hilohilo. “Mashariki ya Kati” haina mwili. Ni mashariki ya mtazamaji ambaye hakutajwa, na kwa kuwa hakutajwa, kila anayetamka jina hilo huazimwa macho yake.

Katika Kiswahili kuazimwa huko kunashangaza zaidi, kwa sababu lugha yetu ilikuwa na macho yake tayari. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi, upepo ulioleta majahazi ya Waarabu na Waajemi. Upande mzima wa dunia ulipewa jina na upepo wa safari hiyo. Kulikuwa na Manga, Maskati, Shihiri, Uajemi, Shamu. Utenzi wa Tambuka, ambao muswada wake una tarehe ya 1728, umebeba jina la mji mmoja, Tabuk, ulioko kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia ya leo. Mtunzi wa Pate hakuhitaji jina la eneo zima ili kusimulia vita, alihitaji mahali.

Hata hivyo, tusiyageuze majina hayo ya kale kuwa malaika. Manga ilizaa “Mmanga”, neno ambalo katika vinywa vingi lilikuwa la dharau kwa mgeni fukara kutoka Omani. Aidha, Waarabu wenyewe wamelitafsiri jina la Mahan na kulitumia: gazeti la Asharq Al-Awsat, ambalo maana yake ni hiyohiyo Mashariki ya Kati, lilianzishwa London mwaka 1978. Mtu akijiita kwa jina alilopewa na mwingine, si haki yetu kumnyang’anya. Wala “Asia ya Magharibi” haliwezi kuchukua nafasi ya jina hilo kila mahali, kwani Misri itabaki nje.

Kwa hiyo rai yetu si kulifuta. Mwandishi anapoeleza sera za mataifa makubwa, au mawazo ya wale wanaolitumia jina hilo, na alitumie, kwa kuwa hapo anataja dhana yao. Kosa huanza anapolitumia kusema mahali ambapo jambo limetendeka. “Mapigano ya Mashariki ya Kati” ni maneno yasiyo na mji, wala aliyepiga, wala aliyepigwa.

Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku upelekaji wa wafanyakazi Mashariki ya Kati, baada ya malalamiko mengi ya mateso ya watumishi wa nyumbani. Marufuku ni sheria, na sheria hutaka mpaka. Katika vijiji walikotoka wasichana hao hakuna aliyesema kwamba binti yake yuko Mashariki ya Kati. Walisema yuko Saudia, yuko Lebanoni, yuko Kuwaiti. Mzazi aliyetaka kumtafuta mwanawe alijua kwamba kuna ubalozi wa Saudia na kuna ubalozi wa Kuwaiti, na kwamba ubalozi wa Mashariki ya Kati haupo.