Fedha za Ugonjwa

Katika ukoo mmoja wa Kahama, binti wa kidato cha tano alianza kuchechemea. Goti la kushoto lilivimba, likakandwa kwa maji ya moto, likachanjwa, likafungwa majani. Alipofikishwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, miezi ilikuwa imeshakwenda. Majibu ya kipimo cha kinyama yalionyesha saratani ya mfupa, ile inayowapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, na mara nyingi huanzia hapo hapo karibu na goti. Madaktari wakaeleza mpango wao: dawa kwanza, mguu ukatwe juu ya goti, kisha dawa tena.

Ukoo ule ulichanga, na ulichanga vizuri. Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti, shangazi mhazini. Kila jioni shangazi alibandika orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, kiasi, jumla. Muuza mchicha wa sokoni alituma elfu mbili, kesho yake akatuma elfu mbili nyingine. Zikapatikana milioni tisa na ushee. Binti akatibiwa, akapewa mguu wa bandia, akarudi shule akiwa nyuma ya wenzake mwaka mzima, na bado akamaliza kidato cha sita kwa daraja la pili.

Mfukoni zilibaki milioni tatu na laki moja.

Kwenye kikao cha kufunga hesabu, mama mdogo wa binti, mwalimu wa shule ya msingi, aliomba nafasi. "Shemeji, fedha hizi tuziweke benki. Mtoto anakwenda chuo."

Mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Mwalimu, watu tuliwaomba fedha za ugonjwa. Ugonjwa umekwisha. Leo tukizipeleka kwenye ada, tutaonekana tuliwadanganya."

Neno hilo likapita. Wachangiaji wenyewe hawakuulizwa, ingawa ujumbe mmoja kwenye kundi ungetosha, na mimi naamini wengi wangesema mpelekeni shule. Iliamuliwa ifanyike sherehe ya shukrani: ukumbi, ng'ombe, keki, sare za kitenge, mshereheshaji kutoka Shinyanga mjini. Binti alikata keki, watu wakalia kwa furaha ya kweli. Wiki iliyofuata kundi lile lile la WhatsApp lilibadilishwa jina, likawa la harusi ya binamu yake.

Kosa lilikuwa ndani ya hayo maneno mawili: ugonjwa umekwisha. Dawa zinazotumika sana kwa saratani hii ni doksorubisini na sisplatini. Ya kwanza inaweza kuudhoofisha moyo, hata baada ya miaka mingi. Ya pili inaweza kuharibu usikivu. Saratani yenyewe ikirudi hukimbilia mapafu, ndiyo maana mgonjwa aliyepona huendelea kuitwa kliniki kupigwa picha za kifua. Mguu wa bandia nao huchakaa, na mwenye mguu akinenepa au kukonda, sehemu inayopokea kigutu humbana au kumlegea, akatoka vidonda. Aliyepona saratani akiwa na miaka ishirini anaingia chuo na gharama ambazo mwenzake wa kitanda cha pili hana, na zinamkuta wakati ng'ombe wa familia wameshauzwa.

Huko Marekani, Craig Pollard, aliyeugua saratani mara mbili na kupoteza miguu yote miwili chini ya magoti, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1993 alianzisha shirika la Cancer for College, linalowapa waliopona saratani ufadhili wa masomo ya chuo. Alijua kwa mwili wake kwamba familia hutoka hospitali ikiwa imekaushwa. Kwetu si lazima tusubiri shirika. Kamati ya ukoo inaweza kuandika tangu siku ya kwanza kwamba michango ni ya matibabu na masomo, na kitakachobaki kitafuata mtoto shuleni.

Turudi kwa binti wa Kahama. Wakati wa kuomba chuo ikaja fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwombaji mwenye ulemavu ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele, ila ulemavu wake lazima uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Binti alifika kwenye swali hilo, akamtazama baba yake.

"Usijiandikie ulemavu, mwanangu," baba alisema. "Mungu ameshakuponya."

"Lakini baba, mguu..."

"Nimesema usijiandikie."

Akajibu hapana. Baba alikuwa akimpenda. Aliogopa kwamba likishaandikwa kwenye karatasi ya serikali litamfuata mpaka kwenye ndoa. Lakini fomu ikaenda kama ya mtoto wa mwenye duka asiye na shida yoyote, na mkopo uliokuja ulikuwa wa sehemu tu. Dirisha la rufaa lilipofunguliwa, baba alikuwa na msimamo ule ule.

Mwaka wa kwanza wa chuo ulikwenda hivi. Hosteli ilikuwa mbali na kumbi za mihadhara, na kigutu kilikuwa na kidonda, kwa hiyo asubuhi bodaboda, jioni bodaboda. Bumu, ile fedha ya kujikimu, likiingia, linakwenda kwenye bodaboda na chakula. Nauli ya Mwanza kwenda kliniki akaona aiahirishe, ikapita miadi ya kwanza, ikapita ya pili. Darasani alikaa mbele kabisa ili amsikie mhadhiri, na hata hivyo alikosa maneno, hakumwambia mtu. Muhula wa pili ada haikukamilika, hakuruhusiwa kufanya mitihani. Akarudi Kahama, akawa anasimama dukani kwa baba yake.

Alipopelekwa Bugando safari hii, mapafu yalikutwa safi. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, maana kukosa miadi miwili kungeweza kuficha mengine.

Mama mdogo hakungoja kikao. Aliandika ujumbe mpya kwa wachangiaji wale wale, mmoja mmoja, na ndani yake akaweka hesabu wazi: ada iliyobaki, chumba cha karibu na darasa, marekebisho ya mguu, nauli ya kliniki kila baada ya miezi minne. Aliomba elfu kumi kwa mwezi mpaka binti amalize. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya watu watatu watia saini, binti akiwa mmoja wao. Hadi sasa wamejiandikisha watu thelathini na wawili, na muuza mchicha yumo. Baba mtu alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa wilaya, na fomu ya ulemavu ikagongwa muhuri kabla dirisha la mikopo halijafungwa.