Chama Kipi Kinaniomba Kura?

Kiswahili kimetubana kwenye neno moja. Anayetafuta ubunge yuko chamani. Mwalimu anayegoma yuko chamani. Mama anayeuza omena pale Mbita, ambaye kila Jumamosi hutoa mia mbili ili mwenzake aongeze mtaji, naye yuko chamani. Neno ni lile lile. Kwa hivyo mtu akikuambia "chama kimesema", inabidi umuulize: kipi?

Swali hili lina uzito kila uchaguzi ukikaribia, na ule wa 2027 umeshaanza kunukia. Ndipo matawi ya vyama vya wafanyakazi huanza kuita wanachama. Njooni tuzungumze pensheni. Njooni tuone tutawasaidiaje wenzetu waliofiwa. Na mwishoni, watu wakishakunywa soda, njooni tukubaliane nani wa kumpigia kura. Je, chama kinachokata ada kwenye mshahara wa mtu ili kimtetee kazini kina haki pia ya kumwelekeza kwenye debe?

Mimi nauliza nikiwa nje ya uzio. Niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza na sasa naandika kwa malipo ya kazi moja moja. Sina karatasi ya mshahara na hakuna tawi linalonikata hata bob. Vijana wengi wa rika langu wako hivyo, na jibu letu la haraka ni moja: siasa itoke kwenye vyama vya wafanyakazi, period. Tumeona viongozi wa wafanyakazi wakipanda jukwaani na wagombea, wakitoa kura za watu ambao hata hawakuulizwa. Tumechoka.

Lakini jibu hilo halisimami ukiliangalia vizuri, na kinachoiangusha hoja yetu ni pensheni.

Pensheni haikai kwenye kopo ikikungoja. Ni ahadi iliyoandikwa kwenye sheria, na sheria hutungwa na watu tuliowapigia kura. Chukua NSSF, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965. Kwa miaka mingi mchango wa juu kabisa ulikuwa KSh 200 kutoka kwa mfanyakazi na KSh 200 kutoka kwa mwajiri kwa mwezi. Piga hesabu: hata mtu angechangiwa hizo 400 kila mwezi kwa miaka 30, ni KSh 144,000 kabla ya faida. Uzee mzima kwa bei ya pikipiki. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2013, ya asilimia 6 kwa kila upande. Kesi zikaizuia karibu miaka kumi. Septemba 2022 mahakama ya kazi ikaitupa nje, Februari 2023 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo na makato mapya yakaanza, na bado mvutano haukuishia hapo. Katika safari hiyo yote hakuna mahali ambapo mfanyakazi angeweza kusema, "Mimi siasa sitaki." Siasa ilikuwa imekaa kwenye mfuko wake.

Watu wa Mbita hawahitaji kufundishwa hili. Ukivuka daraja unaingia kisiwa cha Rusinga, na huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, kwenye kaburi lenye umbo la risasi. Mboya alianza na chama cha wafanyakazi wa halmashauri ya jiji la Nairobi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, vyama vya siasa vya Waafrika vilizimwa, lakini vyama vya wafanyakazi vikabaki. Ikawa mtu akitaka kusema jambo la siasa, analisema kwa lugha ya mshahara na nyumba. Mwaka 1955 Mboya aliwasimamia makuli wa bandari ya Mombasa waliogoma, wakapata nyongeza. Mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Wakati huo chama cha wafanyakazi kujitenga na siasa kungekuwa sawa na kukaa kimya kabisa.

Kisha geuza ukurasa. Mboya akawa katibu mkuu wa KANU, mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Kufikia 1965 serikali aliyokuwa ndani yake ilivunja mashirikisho ya wafanyakazi yaliyokuwa yakizozana, ikaunda COTU, na Rais akapewa sauti katika uteuzi wa katibu mkuu wake. Mwaka huo huo ndio uliozaa NSSF. Yaani mfanyakazi alipewa ahadi ya uzeeni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine chama chake kikasogezwa karibu na ikulu. Sisemi Mboya aliwasaliti wafanyakazi. Nasema kwamba njia ya kutoka chama kimoja hadi kingine ni fupi, na anayeipita huwa na sababu nzuri kila hatua.

Sasa nije kwenye mkutano mmoja. Shangazi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na amebakiza miaka miwili afike 60, umri wa kustaafu. Nilimsindikiza kwenye mkutano wa tawi la chama chao, ukumbi wa shule fulani pale Mbita, upepo wa ziwa ukigongagonga mabati. Ajenda zilikuwa tatu: pensheni, mfuko wa rambirambi, uchaguzi.

Ukiangalia ukumbi ule ulikuwa unaona nyakati tatu za nchi hii zimekaa kwenye madawati. Kulikuwa na akina shangazi, walio kwenye mpango wa zamani ambao serikali hulipa pensheni moja kwa moja kutoka hazina. Kulikuwa na wa miaka thelathini na kitu, ambao tangu Januari 2021 wameingizwa kwenye mpango mpya wa watumishi wa umma: mfanyakazi asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali asilimia 15. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, kulikuwa na walimu wanagenzi wa sekondari ya chini, wanaolipwa posho ya KSh 20,000 kabla ya makato.

Katibu alipofika ajenda ya tatu alisema walimu wapige kura kama mtu mmoja. Mtu mmoja akadakia kwa mzaha, "Na asiyekuwa nasi kwenye debe asitutafute kwenye msiba!" Watu wakacheka. Kijana mmoja wa nyuma hakucheka. Akasimama.

"Bwana Katibu, tangu saa nne naskia pensheni, pensheni. Mimi nina posho. Kura yangu mnaitaka kwa pensheni ya nani?"

"Kijana, zamu yako itafika," katibu akamjibu, kwa upole kusema kweli.

Shangazi akainuka. "Zamu haifiki yenyewe, Katibu. Sisi tuliahidiwa mwaka 1997 kabla ya kura. Kuna walimu walioifuata ahadi ile mpaka kaburini. Mjibu huyu mtoto."

Kwa wale waliozaliwa baadaye kama mimi, hadithi ya 1997 ni hii. Oktoba mwaka huo walimu waligoma nchi nzima, miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa Desemba. Serikali ya Moi, ikiona debe linakaribia, ikatia saini nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu. Awamu ya kwanza ikatoka. Uchaguzi ukapita. Serikali ikasema pesa hakuna. Mwaka 1998 walimu wakagoma tena. Walioumia zaidi ni wale waliostaafu katika miaka iliyofuata, kwa sababu pensheni hupigwa kwa mshahara wa mwisho na mshahara wao wa mwisho haukuwa ule ulioahidiwa. Wakaenda kortini, na mwaka 2008 Mahakama Kuu kule Nakuru ikawapa haki. Hata baada ya hukumu waliendelea kuzunguka maofisini na fimbo zao. Wengi walikufa wakingoja.

Nimeifikiria sana hadithi hii, na naona inaweza kusomwa kwa njia mbili. Ya kwanza inasema kura ni silaha: bila uchaguzi, serikali isingetia saini. Ya pili inasema silaha hiyo ina risasi moja tu. Ukishapiga kura umemaliza, na aliyekuahidi ana miaka mitano ya kukusahau. Kura ni ya siku moja. Pensheni ni ya miaka 40. Kati ya hiyo siku na hiyo miaka lazima kuwe na mtu anayekumbuka, na kazi ya chama cha wafanyakazi ni hiyo ya kukumbuka. Chama kinachoomba kura lakini hakina kumbukumbu ni kampeni tu iliyovaa sare ya mfanyakazi.

Hapo ndipo chama cha tatu, kile cha akina mama wa omena, kinapoweza kuwafundisha wengine wawili. Kwa Kijaluo wanakiita nyoluoro. Nendeni mkaone kinavyoendeshwa. Kuna daftari, na daftari hilo husomwa mbele ya wote. Mweka hazina naye anatoa mia mbili kama wengine. Aliyechukua zamu yake mwezi uliopita bado anatoa mwezi huu, kwa sababu wa nyuma yake hajafikiwa. Na hakuna mtu anayemuuliza mwenzake alimpigia nani.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, chama cha wafanyakazi kinaweza kuniomba kura, ila kiniombe kama wanavyoombana akina mama wale. Kifungue daftari kwanza. Yule mliyetuambia tumchague mara iliyopita alipiga kura gani bungeni siku ya mambo yetu? Kama katibu hana jibu, basi hana cha kuniomba. Mara nyingine anayejibu ni yule yule anayeuliza: Wilson Sossion aliteuliwa mbunge kwa tiketi ya ODM mwaka 2017 akiwa bado katibu mkuu wa KNUT, na Omboko Milemba, mwenyekiti wa KUPPET, akachaguliwa mbunge wa Emuhaya mwaka huo huo. Unaweza kusema wamepeleka sauti ya mwalimu bungeni. Lakini kwenye nyoluoro hakuna anayeruhusiwa kushika hela na kukagua daftari kwa wakati mmoja, hata akiwa mwaminifu kama malaika.

Pili, ombi lianze na wa nyuma kabisa ukumbini. Shangazi ameshafika zamu yake au karibu. Akisimama kwa ajili ya pensheni yake tu, ana haki, lakini hiyo ni biashara yake. Akisimama kwa ajili ya kijana wa posho, hapo chama kinaanza kuwa na uzito wa kimaadili, kwa sababu anatoa bila kungoja zamu.

Tatu, ule mzaha wa msiba usirudiwe. Katika sehemu zetu kuzikwa vizuri si jambo dogo. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo, lakini hawezi kuvumilia kufikiria mama yake amelala mochari kwa sababu wenzake wamemnunia. Ndiyo maana jumuiya ina nguvu kuliko mwanasiasa yeyote, na ndiyo maana ukiitumia kumtisha mtu unafanya ubaya ambao hakuna mwanasiasa angeweza kuufanya peke yake. Katiba ya 2010 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama katika Kifungu cha 41, na uhuru wa uamuzi wake wa kisiasa katika Kifungu cha 38. Vifungu hivyo viwili ni vya mtu mmoja. Chama kinishawishi, kinipigie kelele, kiniletee hesabu. Nikikataa, kije matangani.

Linabaki swali la sisi tulio nje, na sisi ndio wengi. Zaidi ya asilimia 80 ya wanaofanya kazi Kenya wako kwenye sekta isiyo rasmi. Pale ufuoni kuna BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambako wenye mitumbwi, vibarua wa kuvua na wachuuzi huchagua viongozi wao. Uchaguzi wanao. Jumuiya wanayo. Pensheni hawana. NSSF ina mpango wa Haba Haba, KSh 25 kwa siku, lakini kibarua anayerudi alfajiri na mtumbwi mtupu hana hiyo 25, na hana mwajiri wa kumwekea nyingine juu yake. Akizeeka, matumaini yake ni Inua Jamii: KSh 2,000 kwa mwezi, akifika miaka 70. Mwalimu ana chama cha kukumbuka kwa niaba yake. Mvuvi anakumbukwa na nani?

Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007 inakubali asiye mwanachama akatwe ada pale anapofaidika na makubaliano ya chama. Ni haki, maana ukila matunda usaidie kumwagilia. Lakini deni hilo lina upande wa pili ambao haujaandikwa popote. Omena wa mvuvi ndio waliolisha watoto wanaofundishwa, na kodi ya yule mama, anayolipa kila akinunua sabuni na muda wa simu, imo ndani ya hazina inayomlipa shangazi pensheni. Hawakukatwa ada, lakini wamechangia.

Basi tawi litakapokutana tena kabla ya 2027, ningependa ajenda ya pensheni isiishie kwenye mipango miwili. Waite watu wa ufuoni waketi ndani. Waulize mgombea, kwa maandishi, atamfanyia nini mwanagenzi na kibarua wa mtumbwi, na karatasi hiyo ihifadhiwe na mtu asiyegombea kitu. Kisha mwaka 2028, wakati mabango yamenyeshewa na hakuna anayetafuta kura, isomwe kwa sauti.