Mwalimu na Lenzi Ndefu

Kila baada ya miaka miwili, ifikapo Agosti, msimu wa tohara ya Wabukusu, Bungoma haipati usingizi. Ilikuwa hivyo 2022, ikawa hivyo 2024. Chinyimba, kengele za chuma za vijana wanaotahiriwa, zinalia usiku kucha kutoka Kabula hadi Chwele, na kabla jua halijachomoza wavulana wa Kibukusu wanarudi kutoka mtoni wamepakwa tope mwili mzima, huku umati unaowasindikiza ukiimba wimbo wa Sioyaye hadi uwanjani kwa baba zao. Siku hiyo picha zinajileta zenyewe. Hata hivyo wapo wanaozikosa, na kisa cha mmoja wao kinafaa kusimuliwa kwa sababu hakukosa kwa uvivu. Alijitahidi sana, tena kwa miezi mingi.

Nitamwita Mwalimu. Ni mtu wa hadithi, lakini wapigapicha wengi wa ridhaa kutoka Kanduyi hadi Kitale watajiona ndani yake.

Mwalimu anafundisha hesabu katika shule ya msingi. Hakuna aliyemlipa kwa picha zake, wala hakutaka kulipwa. Kamera yake ya kwanza ilikuwa ya mtumba, na ilikuja na ile lenzi fupi ya kawaida ambayo kila mtu huanza nayo. Mwanzoni hakuchagua cha kupiga. Alimpiga fundi wa baiskeli akiziba pancha, mama wa omena akifukuza nzi, watoto wa darasa la nne wakigombania kivuli cha mwembe, treni ya mizigo ikipita kuelekea Malaba. Nusu ya picha hizo zilikuwa na giza au zimekaa upande, naye hakujali. Alikuwa akilala huku akiwaza atapiga nini kesho.

Kisha sifa zikaja. Alienda Webuye akapiga maporomoko ya Nabuyole, pale Mto Nzoia unapojitupa katikati ya miamba, akaiacha lenzi ipokee mwanga kwa sekunde nzima mpaka maji yakalainika. Picha ile ilizunguka kwenye simu za watu wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akarudi Nabuyole, na Jumamosi iliyofuata tena. Kila picha ilikuwa nzuri sawa na iliyoitangulia, hadi ikafika siku hakuna aliyesema neno, yeye mwenyewe akiwemo. Ukavu ulianzia hapo, ingawa aliutambua baadaye sana. Mtu hakaukiwi kwa kukosa cha kupiga. Anakaukiwa pale anapojua picha itatokaje kabla hajainua kamera, na bado anaipiga kwa kuwa mara ya kwanza alisifiwa.

Alipoona mikono imekuwa mizito, Mwalimu alilaumu mji. Bungoma haina kitu, alisema. Haina simba kama Maasai Mara, haina bahari, hata Mlima Elgon wenyewe unajifunika mawingu kila mchana. Lawama hii naichukia kuliko zote, maana inaufunga mlango ambao dawa ingeingilia. Tazama Lamu. Ni mji wa vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na humo Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, alijifundisha upigapicha mwenyewe, akafungua studio, akawapiga jirani zake na wateja walewale mwaka baada ya mwaka. Wateja wakiwa walewale na chumba ni kilekile, alianza kuunganisha picha na picha kwa mkono, akitengeneza picha moja kutoka mbili au tatu, muda mrefu kabla ya kompyuta kuirahisisha kazi hiyo. Leo watafiti wa sanaa ya picha wanamtaja nje ya Kenya. Nadhani ufinyu wa mji ndio uliomsukuma kubuni.

Mwalimu hakuwa na wa kumwambia hayo. Alichukua mkopo wa SACCO, na mkopo ulipopungua akaiuza ile lenzi fupi ili kujazia, akanunua lenzi ndefu ya milimita 300, nzito kiasi cha kuuma shingo. Kwa wiki mbili alijihisi amezaliwa upya. Kifaa kipya kina uwezo huo, na sikatai kwamba furaha yake ni ya kweli. Ila alianza kutafuta vitu vinavyofaa lenzi, akasahau kwamba zamani lenzi ndiyo iliyokuwa ikimfuata.

Akaenda Saiwa. Hifadhi ile iliyo karibu na Kitale ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya, kilomita tatu hivi za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizotanuka, zinazomwezesha kutembea juu ya tope na matete bila kuzama. Nzohe hujionyesha alfajiri na jioni. Wanaomjua hupanda kwenye majukwaa ya mbao mapema, wakakaa kimya, wakasubiri. Mwalimu alifika saa sita mchana, akazunguka kwa haraka, akapiga matete na ndege mmoja aliyempa kisogo, akaondoka saa tisa. Njiani, kwenye matatu ya kurudi Webuye, alipiga picha chache dirishani kwa kuchoka tu, bila hata kuangalia anapiga nini. Hizo picha za dirishani zikumbuke.

Ndipo Agosti ikafika. Mpwa wake wa Chwele, mwana wa dada yake, alikuwa miongoni mwa waliotahiriwa mwaka ule. Siku moja kabla, kijana alifika kwa mjomba akichezesha chinyimba, ng'ombe akachinjwa, na Mwalimu akamvisha shingoni ukanda wa nyama kama mila inavyotaka. Kijana aliuliza jambo moja tu.

"Mjomba, kesho utanipiga picha nikitoka mtoni?"

"Nitakupiga picha ambayo hakuna aliyewahi kupigwa," Mwalimu akamjibu.

Alikuwa anaamini alichosema. Lakini mwezi huo jua la Bungoma huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi. Kijana alipakwa tope gizani. Lenzi ya milimita 300 ikishikwa kwa mkono inataka picha ichukuliwe kwa sehemu moja ya mia tatu ya sekunde, au haraka zaidi, isije ikatikisika. Mwanga wa saa ile pale mtoni ulitaka sehemu moja ya kumi. Mwalimu wa hesabu alikuwa akiijua hesabu hiyo, na aliifanya kichwani akiwa amesimama na miguu majini. Akijaribu kusogea karibu, lenzi ilimpa sikio peke yake, au bega. Akirudi nyuma, umati ulijaa mbele yake. Lenzi fupi, ile nyepesi, ambayo ingemweka kijana, baba yake na wimbo wote ndani ya fremu moja, ilikuwa imeshauzwa.

Walipofika uwanjani alishusha kamera, na hapo alifanya vyema. Kitendo chenyewe cha kutahiri si cha kamera, na mpigapicha yeyote anayekwenda kwenye shughuli hii aombe ruhusa ya wazee mapema na ajue pa kusimama na pa kutazama chini. Saa ya picha ilikuwa mtoni na njiani, na saa hiyo ilikuwa imekwisha.

Usiku ule alizipitia picha kwa kidole gumba, akaona ukungu wa kahawia mmoja baada ya mwingine, akazifuta zote. Hakuzitazama mara ya pili. Kamera ikaingia kabatini.

Mwezi wa Desemba alimtembelea dada yake. Ukutani, juu ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, kulikuwa na picha iliyosafishwa studio ya mjini na kutiwa fremu. Mpwa wake alikuwa anatazama mbele, tope limeanza kukauka na kupasuka kwenye mashavu, mkono wa baba umemshika bega, na vidole vya baba vimebaki na tope. Picha ilikuwa na chembechembe za giza na upande mmoja umekatika. Mwalimu alisimama mbele yake kwa muda mrefu.

"Dada, nani alipiga hii?"

Dada akamwita binti yake mdogo, wa darasa la tatu. Siku ile alikuwa ameshikishwa simu ya mama yake.

"Nilisimama tu hapo karibu na baba, mjomba," mtoto akasema.

Sipendi visa vinavyomfanya mtoto awe mwerevu kuliko mtu mzima, na sitakitumia hiki hivyo. Binti yule alibahatika, na pengine hatapiga picha nyingine nzuri mwaka mzima. Jambo lenye uzito ni alilolifanya Mwalimu aliporudi nyumbani. Hakutoka kwenda kupiga. Alifungua kompyuta ya shule, akaanza kutazama picha zake zote alizopiga tangu mwanzo, maelfu kwa maelfu, ambazo nyingi hakuwahi kuzifungua tangu siku alipozihamisha kutoka kwenye kamera.

Ugonjwa huu wa kupiga bila kutazama umewahi kuwapata hata wakubwa. Garry Winogrand wa New York alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa mitaani waliosifika sana Marekani. Alipofariki mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 56, aliacha filamu zipatazo 2,500 alizokwisha kuzipiga lakini hazijasafishwa, na nyingine zipatazo 6,500 zilizosafishwa ambazo hakuwahi hata kuzichapisha ili azitazame. Katika miaka yake ya mwisho, huko Los Angeles, alipiga mfululizo, mara nyingi akiwa ndani ya gari. John Szarkowski, msimamizi wa picha katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York na mtu aliyempenda na kumtetea Winogrand kwa miaka mingi, alizipitia kwa ajili ya maonyesho ya 1988 na akasikitishwa na alichokiona. Kidole kilikuwa bado kinafanya kazi, macho hayakuwa yakirudi kusoma. Ikiwa mtu wa kiwango kile alipotea hivyo kwa filamu, ambayo kila fremu yake ililipiwa, sisi tulio na simu zinazopiga bure tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa.

Mwalimu alitazama kwa likizo nzima ya Desemba. Nabuyole zilimchosha mpaka akaona aibu kuzifungua. Nzohe hakuwepo. Lakini katika zile za dirishani, alizozipiga kwa kuchoka kwenye barabara ya Kitale hadi Webuye, na katika nyingine nyingi za safari zilizotangulia, kuna kitu kilikuwa kinajirudia pembeni: mahindi. Yalianikwa juu ya maturubai kando ya lami, kutoka Kiminini hadi Kamukuywa na Misikhu, na wanawake wakiyageuza kwa nyayo zao, wakivuta miguu mistari kwa mistari. Katika picha alizowahi kuzihariri, alikuwa ameyakata mahindi yote ili kubakiza mlima. Kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yakimwambia yanataka nini, naye akiyakata.

Januari iliyofuata hakwenda mbali. Alimwomba mama mmoja, jirani yake, ruhusa ya kupita kila Jumamosi uani kwake, palipoanikwa mahindi. Lenzi ndefu aliiuza kwa hasara, akanunua fupi ya mtumba. Picha ya kwanza aliyoipenda baada ya miezi mingi ni ya mama huyo akipima kama mahindi yamekauka. Alitia punje na chumvi kavu ndani ya chupa tupu ya soda, akaitikisa karibu na sikio, kisha akaiinua kuelekea juani. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ikianguka chini yote, yamekaribia kuwa tayari kwa gunia, ingawa chupa haiwezi kuthibitisha kikomo cha bodi ya nafaka cha unyevu wa asilimia 13.5. Katika picha ya Mwalimu chupa imejaa mwanga, chumvi imeshika upande mmoja, na uso wa mama nyuma yake umekunjamana kwa kuwa siku nyingine ya kuanika imeongezeka na mvua inanukia. Lenzi ndefu isingeweza kuipiga picha ile. Ilihitaji mtu aliyesimama hatua mbili kutoka hapo, ambaye mama alishamzoea.

Sidai kwamba ukavu umemwisha. Zipo Jumamosi anarudi na picha zisizo na maana, na huenda mahindi nayo yatamchosha kama maporomoko yalivyomchosha. Tofauti ni kwamba sasa kila mwisho wa mwezi anachagua picha kumi na mbili, anazipeleka zikasafishwe, anazitandaza mezani na kumwonyesha mama wa mahindi na binti wa dada yake. Mama huyo aliwahi kuiweka kando picha moja nzuri sana ya mikono yake na kusema, "Hii inanifanya nionekane maskini." Mwalimu aliiondoa. Kwa maoni yangu, siku ile alijifunza zaidi ya miaka yote ya kuhesabu waliomsifu kwenye simu.

Picha ya mpwa wake hataipata. Kijana ametahiriwa, na mila ya Kibukusu haimrudishi mtu mtoni.

Kwa hiyo wewe uliyeko Bungoma, Kitale au popote, ambaye kamera yako imelala kabatini, usiende kukopa bado, wala usipande matatu kwenda kutafuta mbuga. Leo jioni fungua picha zako za mwaka mzima, hasa zile ulizozipuuza, na uangalie kingo zake kabla ya katikati. Na ikiwa una mpwa atakayeingia mtoni msimu ujao, nenda na lenzi fupi, usimame karibu, na usifute picha yoyote kabla mwezi mmoja haujapita.