Gundi Haishiki Juu ya Gundi



Wiki iliyopita mguu wa kiti kimoja bwaloni ulichomoka. Mi nikachukua gundi nyeupe ya mbao, nikapaka, nikaurudisha. Siku mbili baadaye mwenzangu akaanguka nacho mbele ya chakula. Tulicheka, ila aibu ilikuwa yangu.

Fundi wetu akauangalia. "Frateri, umepaka gundi juu ya gundi. Hii inataka kuingia kwenye mti. Hapa imekuta ganda kavu la zamani." Akakwangua ulimi wa mguu kwa patasi, taratibu, mpaka mbao ikaonekana. Nikamwambia azidishe kidogo. Akakataa: "Ukizidisha, utacheza kwenye tundu." Akapaka gundi, akafunga kamba, akaikaza kwa kijiti. Kisikaliwe mpaka kesho yake.

Usiku ule nilimuwaza kaka yangu. Kwenye msiba wa baba nilimwita mlevi mbele ya wazee. Baadaye nikamtumia ujumbe: "Kaka, yaishe." Akajibu: "Sawa." Tangu hapo ni salamu tu.

Je, "yaishe" ni kupatana? Wapo watakaosema kuyarudia ni kufukua makaburi. Funika kombe mwanaharamu apite. Wana hoja. Hata fundi hakukwangua kupita kiasi. Sina haja ya kuanza kuhesabu makosa yetu tangu utotoni. Lakini lile ganda moja, neno langu, lazima litoke. Kumbe nilimwomba kaka asahau kitu ambacho mimi mwenyewe sijakikiri.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha nne cha Maungamo, anamkumbuka rafiki yake aliyefariki. Anasema urafiki si wa kweli mpaka Mungu mwenyewe awaunganishe watu, na neno la Kilatini analotumia ni la kugandisha kwa gundi. Basi gundi ni ya Mungu. Kukwangua ni kazi yangu. Na muda je? Hata kaka akinisamehe, nisidai aniamini siku hiyohiyo.

Jumamosi nitampigia. Nimeiandika sentensi yenyewe: "Kaka, nilikuita mlevi mbele ya watu, nilikukosea." Na kwa kuwa wazee walisikia, nao nitawaambia. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Na wewe, ni nani uliyemwambia "yaishe" kabla hujasema ulichomfanyia?

Tuombeane.