Ukuta Wenye Unyevu: Kusitiri au Kuficha?

Mwezi wa Novemba unapoingia, huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro maduka ya vifaa vya ujenzi huanza kujaa watu. Watoto walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza watarudi nyumbani kwa Krismasi, na wazee hawataki wakute nyumba imechakaa. Ndoo za rangi hupakiwa kwenye bodaboda, mafundi hugombewa, na kabla ya mkesha wa Krismasi nyumba nyingi zinang'aa. Hilo ni jambo jema. Kumpakia mgeni rangi ni namna ya kumwambia karibu kabla hajabisha hodi.

Lakini Novemba na Desemba ni miezi ya vuli, na ukuta ulionyeshewa haujui ratiba ya sikukuu. Kwa hiyo mara nyingi tunapopita katika nyumba hizo hizo kipindi cha Kwaresima tunakuta habari nyingine. Rangi ya ukuta wa chini imefura malengelenge. Ukigusa kwa kidole inapasuka na kumwaga unga mweupe. Kwenye pembe ya chumba, nyuma ya kabati, fangasi weusi wamerudi pale pale walipokuwa. Mwenye nyumba analalamika kwamba aliuziwa rangi feki.

Mara nyingi rangi haina kosa. Fundi mzoefu atakuambia kwamba maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni, na yanapopanda hubeba chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuisukuma rangi kutoka ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa doa la kahawia kwenye dari. Mtu hulipaka rangi ya maji mara mbili, mara tatu, nalo linajitokeza tena, kwa sababu aliyepaswa kuitwa kwanza ni fundi wa bati, na fundi wa rangi angefuata. Na wako wanaopaka rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi ambayo haijamaliza hata wiki mbili, wakati plasta huhitaji kama wiki nne kukauka. Magadi yaliyomo katika saruji mbichi hukutana na mafuta ya rangi na kuyageuza kuwa kitu kama sabuni. Rangi inabaki inanata, kisha inabanduka.

Hasara hizi zote zina somo moja, nalo hulipiwa kwa fedha. Sehemu kubwa ya kazi ya kupaka rangi hufanyika kabla ndoo haijafunguliwa: kutafuta maji yanatoka wapi, kukwangua, kupiga msasa, kusubiri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tungeweza kuongeza kwamba ukipaka rangi juu ya ufa, utalipia ukuta na rangi pia.

Tunaandika haya kwa sababu yapo pia katika maisha ya waamini, na huko gharama yake ni kubwa kuliko ndoo mbili za rangi. Swali letu ni hili: ni wakati gani kulifunika kosa ni upendo, na ni wakati gani ni uongo?

Maandiko yanaijua sana nyumba yenye unyevu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 14 iko sheria ya nyumba iliyoingiwa na pigo la ukutani, madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani ya ukuta. Utaratibu wake unashangaza kwa jinsi unavyofanana na ushauri wa fundi mwema. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekwenda kwa kuhani na kusema kwamba anaona kitu kama pigo nyumbani kwake. Vyombo vinatolewa nje. Nyumba inafungwa siku 7, kisha inakaguliwa tena. Ikiwa pigo limeenea, mawe yenye ugonjwa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, yanaletwa mawe mengine, na hapo ndipo inapopakwa chokaa mpya. Chokaa ipo katika sheria hiyo, ila imewekwa mwishoni. Ezekieli sura ya 13 anawakemea manabii waliogeuza utaratibu huo: watu walijenga ukuta dhaifu, nao wakaupaka chokaa na kutangaza amani. Mvua ilipokuja, ukuta na chokaa vilianguka pamoja. Naye Bwana Yesu, katika Mathayo 23, aliwafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa.

Kama Maandiko yangeishia hapo, jibu lingekuwa jepesi: tusifunike kamwe. Lakini hayaishii hapo. Petro anatufundisha katika waraka wake wa kwanza kwamba upendo husitiri dhambi nyingi. Katika Mwanzo 9, Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume wamebeba nguo ili wamfunike baba yao bila kuuona uchi wake, na wakabarikiwa. Aliyeona akaenda kuwasimulia wenzake hakubarikiwa. Zaburi ya 32 inamwita heri mtu aliyesitiriwa dhambi yake. Kumsitiri mwenzako ni adabu tunayofunzwa tangu utoto, na mtu anayeanika aibu za watu hatumwiti mkweli. Tunamwita mmbea.

Basi tunahitaji kipimo cha kutenganisha sitara na maficho. Hapa tena kuta zinaweza kutusaidia, safari hii za pwani.

Majengo ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yakapigwa lipu ya chokaa na kupakwa chokaa. Mawe hayo hunyonya maji, na pwani haikosi unyevu. Lakini chokaa inapitisha hewa. Unyevu unaoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Baadaye watu walianza kukarabati kuta hizo kwa saruji na kuzipaka rangi zisizopitisha hewa. Kwa macho zilionekana imara zaidi. Kumbe unyevu ulifungiwa ndani, ukala ukuta polepole, na lipu ya saruji ikaanguka kwa mapande. Waliofanya kazi ya kuhifadhi majengo hayo walilazimika kurudi kwenye chokaa.

Kwa hiyo mifuniko iko ya aina mbili. Yote hupendezesha ukuta siku ya kwanza. Mmoja huufunika na kuuacha upumue, mwingine huufunika na kuuziba. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza. Sitara ya upendo humfunika mtu dhidi ya macho yasiyohusika, huku ikimwachia njia ya kutoa uovu nje: toba, ungamo, kurudisha alichochukua, msaada kwa aliyeumizwa. Maficho huziba njia hiyo hiyo. Zaburi ya 32 ina mambo hayo mawili ndani yake. Yule aliye heri kwa kusitiriwa anasimulia mara moja kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, na kwamba alipata sitara alipoacha kuficha. Mungu alimfunika yule aliyejifunua.

Tuchukue jambo linalofika mara nyingi kwa wazee wa kanisa. Mama amepigwa na mumewe, tena si mara ya kwanza. Mume ni mtu wa heshima, anatoa ahadi zake, pengine anaimba kwaya. Ukoo unakutana, mzee anasema ndoa ni kuvumiliana, mwingine anasema mambo ya ndani yasitoke nje, na yule mama anaambiwa, "Mama, rudi nyumbani kwako, tutaomba." Jumapili wanaonekana wamekaa pamoja kwenye benchi, na usharika unafurahi kwamba nyumba imepona. Tunaliita hilo kusitiri. Tukilipima kwa kipimo chetu, ni rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi. Mume hakuulizwa lolote, mke hakupewa mahali pa kusemea, na ile sala imetumika kama brashi. Malengelenge yatakayofura safari ijayo yatakuwa usoni mwa mtu.

Yupo atakayetupinga kwa Katekisimo, na ni pingamizi la haki. Katika maelezo ya amri ya nane Luther anatufundisha kumtetea jirani, kumnenea mema na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Je, kulileta jambo la ndugu huyu mbele ya wazee, au mbele ya dawati la jinsia polisi, si kumvunjia jina? Tunajibu kwa kumsoma Luther mpaka mwisho. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, chini ya amri hiyo hiyo, anatenganisha kosa la siri, ambalo mtu huonywa faraghani kama Mathayo 18 inavyoelekeza, na kosa lililo wazi, ambalo huonywa wazi. Tena kosa lenye mtu anayeumia halijawahi kuwa la siri: yuko shahidi mmoja tangu mwanzo, naye ndiye aliyepigwa. Amri ya nane inamlinda jirani asisingiziwe. Na huyu mama naye ni jirani. Kumwambia aseme ni salama wakati si salama ni kumfanya yeye ashuhudie uongo.

Upande wa pili nao una walioumizwa, na tusiupite haraka. Yuko aliyeanguka, akatengwa, akatubu, akasimama mbele ya madhabahu na kurudishwa kundini. Mchungaji ametangaza msamaha kwa jina la Mungu. Miaka mitano baadaye bado akipita watu wanagusana viwiko, na jina lake likitajwa kwenye uchaguzi wa viongozi wa vijana, mtu anakohoa. Ukuta huu ulikwanguliwa na mawe yakabadilishwa. Kuhani alikwisha kuutangaza kuwa safi. Anayeukwangua tena akitafuta doa anabomoa, na asijidanganye kwamba anapenda ukweli. Hapa ndipo amri ya upendo inapotutaka tutembee kinyumenyume kama Shemu na Yafethi, na kunyamaza.

Limebaki swali gumu kuliko yote, ambalo wanafunzi wa vyuo vya theolojia hawachoki kuwauliza walimu wao. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa ajili ya Kristo, kwa imani, angali mwenye dhambi. Je, hiyo nayo si rangi juu ya unyevu? Mungu anaona ukuta mbovu na kuuita mzuri?

Luther, alipofundisha Waraka kwa Warumi huko Wittenberg mwaka 1515 na 1516, alitoa mfano wa mgonjwa anayemwamini tabibu aliyemwahidi uzima. Kwa hali yake ni mgonjwa, lakini kwa ahadi ya tabibu ni mzima, naye tayari anafuata maagizo na kujiepusha na kinachomdhuru. Tabibu hasemi hakuna ugonjwa. Amesema upo, ameutaja jina, na ameanza kuutibu. Haki ya Kristo hutufunika kwa namna hiyo. Inatuondolea hukumu ili tuweze kuruhusu ukuta ukaguliwe bila kuogopa kufukuzwa nyumbani. Mtu asiye na uhakika wa kupendwa atapaka rangi kila Desemba mpaka afe. Aliyekwisha kupokelewa anaweza kutoa vyombo nje na kumwita kuhani aone.

Ndiyo maana Zakayo hakutangaza kurudisha mara nne ili Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu alikuwa amekwisha kujialika. Neema ilitangulia, na neema hiyo ikafungua madaftari ya mtoza ushuru. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya kumfuata Yesu, alilionya kanisa lake kuhusu neema iliyofanywa rahisi, yaani msamaha unaotolewa pasipo toba. Alikuwa Mlutheri akiwaambia Walutheri, na onyo hilo linatufaa sisi tunaopenda sana kumaliza mambo mapema ili ibada iendelee.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jambo likiletwa kwetu, iwe nyumbani, kwenye jumuiya au barazani, tujiulize maswali matatu kabla ya kusema "tulimalize hapa hapa." Je, maji yanayoingia yameonekana yanatoka wapi, au tumetazama doa tu? Je, aliyeumia amepata mahali pa kusemea, na amani tunayoitangaza yeye pia anaijua? Na je, tunayemfunika tumemwachia njia ya kutubu, au tumemzibia? Majibu yakiwa mema, tusitiri kwa moyo wote, wala tusilifukue tena. Yakiwa mabaya, tuweke brashi chini kwanza.

Zikifika Krismasi nyingine, tuzipake nyumba zetu rangi, kwa maana wageni wanastahili. Ila tuanze Septemba, ukuta ukiwa mkavu, na tuanze kwa kukwangua. Bwana atupe ujasiri wa kuona kilicho ndani ya kuta zetu, naye aliye fundi wa kweli atusaidie kukitoa.