Nia ya Mwenye Kusomea Utabibu

Ndugu zangu, kijana wa pwani akiulizwa asomea nini, naye akajibu utabibu, baba yake huinua kichwa barazani. Ni wachache wamuulizao la pili: wausomea kwa nini? Na akiulizwa husema ataka kuwasaidia watu. Jawabu njema, ila haijamgharimu kitu, maana hajaambiwa watu hao wakaa wapi.

Basi natumwambie: wakaa Shume. Huko milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, penye baridi ambayo mtu wa Tanga huiogopa kuliko simba. Tauni ilizuka wilayani humo mwaka 1980, ikawa ikienda na kurudi kwa zaidi ya miaka 20, na Shume ni miongoni mwa mahali palipopigwa. Mamia walikufa. Maradhi haya huletwa na viroboto vya panya. Mgonjwa hushikwa na homa, akavimba mitoki. Wasiotibiwa, katika kila 100 hufa 30 hata 60. Apataye dawa mapema aghalabu hupona. Hivyo umbali wa tabibu ulikuwa sehemu ya maradhi yenyewe.

Hapa kijana mjanja aweza kushika hadithi: Mtume s.a.w. alikataza kuingia nchi yenye tauni, na Sayyidna Umar alirudi njiani asiingie Shamu. Ni kweli. Lakini hadithi ile ile yamkataza aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Na Abu Ubaida alibaki na watu wake mpaka akafa, mwaka 18 wa Hijra. Kwa rai yangu, katazo la kuingia lamhusu asiye na haja huko. Tabibu yeye ndiye haja.

Imam Ghazali aliuhisabu utabibu kuwa fardhi ya kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye fikihi na miji haina tabibu Mwislamu. Leo msongamano umehamia mjini: tabibu wa kumi wa mtaa mmoja Dar es Salaam hamfai kitu mgonjwa wa Shume.

Ujira si haramu, wala kupenda heshima si ajabu kwa kijana. Na sisi wazee twamtazamia atujengee nyumba, kisha twashangaa akikosa huruma. Namtakia ajiulize faraghani: mshahara ukiwa wa kadiri, jina lisijulikane, na mahali pawe Shume, bado nataka? Akisita, asivunjike moyo. Nia hutengenezwa, naye ana miaka mitano ya chuo na mmoja wa mazoezi hospitalini.