Uza Mbuzi Angali na Nyama

Unangoja nini?

Mvua imepita bila kushuka. Mto Kawalase ni mchanga mtupu. Mbavu za mbuzi wako zinahesabika kutoka mbali, na wewe uko chini ya mti unasema, "Tuone wiki ijayo."

Uone nini?

Kila wiki unayongoja, mbuzi anakonda na bei ya mahindi inapanda. Usipoamua, unalipa vilevile.

Wacheza poka wanalijua hili vizuri, na nitawataja hata kama kwenu kamari ni haramu. Mashindano yakielekea mwisho, dau la lazima hupanda kila baada ya muda. Ukikaa kimya, linakula sarafu zako. Ndiyo maana mjuzi aliyebakiwa na sarafu za kutosha madau kumi hivi hangoji karata ya ndoto. Akipata ya kuridhisha, anasukuma zote mezani. Kwa nini? Kwa sababu bado anaogopwa. Wenzake watatupa karata zao wasije wakaumia. Akingoja hadi zibaki za madau mawili, nani atamwogopa? Watamkabili kwa karata yoyote, maana hana cha kuwaumiza.

Sasa njoo sokoni Lodwar.

Mbuzi mwenye mafuta mgongoni, wachuuzi wawili wanamgombania. Mbuzi anayeinuliwa kwa mkia ndipo asimame, bei anaitaja mchuuzi. Wewe unaitikia tu.

Ukame si kosa lako. Lakini siku ya kuuza unaichagua wewe!

Umesahau juzi tu? Tangu mwisho wa 2020, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Tarehe 8 Septemba 2021 ukame ukatangazwa janga la kitaifa. Mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa Kenya. Mzoga hauna mnunuzi.

Usiniambie hukujua. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi: bei ya mbuzi, bei ya mahindi, hali ya malisho. Inataja hatua pia: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Saa yako ni tahadhari. Ikifika dharura, kila mtu yuko sokoni na mbuzi kama wako. Na mwaka 2015 serikali ilipoanzisha bima ya mifugo hapa Turkana na Wajir, ilitumia setilaiti kupima ukijani wa malisho.

Hata setilaiti haikungoja mizoga ihesabiwe. Wewe unangoja?

Wewe unayemjua kila mbuzi kwa rangi yake, mama yake na bibi yake! Wewe unayejua maji yamejificha wapi chini ya mchanga! Akili hiyo yote inalala kwa nini siku ya soko?

Kuna hadithi ya mcheza poka Jack Straus, Las Vegas, 1982. Alidhani amepoteza kila kitu, akakuta sarafu moja chini ya kitambaa cha karatasi. Akairudisha mchezoni na akatwaa ubingwa wa dunia. Ni tamu, na ni hatari. Hapa kwetu pia, kuanzia Nawoitorong hadi Kakuma, utasikia ya mzee aliyebaki na mbuzi mmoja akajaza zizi. Waliobaki na mmoja, naye akafa, nani anawasimulia?

Nawe wa Kakuma usiye na mbuzi, usijifiche nyuma ya mfugaji. Rafu za kibanda chako zinapungua, wateja wa mkopo wanaongezeka. Utafunga daftari la madeni leo, ukiwa bado na mtaji wa gunia moja la sukari? Au utangoja libaki daftari tu?

Amua.

Toa kwanza madume waliohasiwa na majike wazee wasiozaa. Bakiza majike wachanga, hao ndio zizi la kesho. Pesa ikiingia kwenye M-Pesa, igawe siku hiyohiyo: unga wa watoto, malisho na dawa za waliobaki. Usiiache ikae ikiliwa na harambee na soda.

Siku ya soko, amka kabla ya jua. Na yule dume mnene unayeona uchungu kumwachia? Mtangulize. Ndiye watakayemgombania.